Pengo Alilolikosa Mwalimu Evaline

Kasulu mjini, ukipanda kutoka sokoni na kuyaacha maduka ya mbao upande wa kushoto, unafika kwenye chumba cha zamani cha mafundisho ya dini. Mvua ikianza, bati lake hupiga kelele kuishinda kwaya. Humo ndimo Evaline alimokuwa akifundisha kisomo cha akina mama, jioni, baada ya shamba na kabla ya mapishi. Hakuwa mwalimu wa kusomea. Alimaliza darasa la saba kwao Muyama, akaolewa Kasulu, akafiwa na mume, akalea watoto mpaka akabaki na Yusta peke yake nyumbani. Paroko wa wakati ule alimsikia siku moja akisoma somo la kwanza kanisani bila kujikwaa, akasema huyu atawafaa wenzake. Tangu hapo watu wakamwita Mwalimu. Naye hakukataa, maana kukataa sana nako ni kujivuna.

Sifa yake ilikuwa moja: hakuna neno lililomshinda. Si kwamba aliyajua yote. Kamusi ya parokia ilikaa kabatini kwake miaka na miaka, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia mlango wa kabati usigongegonge. Evaline alikuwa na njia yake.

"Neno lina majirani," aliwaambia wanafunzi wake. "Ukitaka kumjua mtu, unawatazama anaokaa nao. Basi msilikimbilie neno. Kaeni ndani ya sentensi kama mnavyokaa msibani: tazama nani kaja, nani hajaja, na aliyekuja kaleta nini. Pengo litajijaza lenyewe."

Kisha akaandika ubaoni: *Mama alichukua ______ akaenda kuchota maji.* Pembeni akaweka ndoo, mwiko na jembe. Hilo lilikuwa la kuchemshia damu tu. Matata yalianza kwenye lililofuata: *Mgeni alipofika, mwenye nyumba alimpa ______.* Hapo aliweka kiti, kuku na mlango, naye mwenyewe alitaka kiti.

"Mwalimu," Josepha akanyoosha mkono. Josepha aliuza dagaa sokoni, na sauti yake ilizoea kushindana na spika za maduka ya simu. "Huyo mgeni katoka wapi?"

"Sentensi haisemi, Josepha. Tazama majirani. 'Alipofika.' Mtu akifika anapewa nini kwanza?"

"Ndiyo maana nauliza. Kama ni shemeji kaja kudai shamba la marehemu, mimi nampa mlango. Kama ni mama yangu mzazi, nampa kuku. Kiti ni cha watu wa sensa."

Darasa likaangua kicheko. Evaline naye alicheka, ila jibu hakulibadili. Na huko nyuma kabisa kulisikika kicheko kilichochelewa, cha mtu anayeogopa kusikika. Alikuwa fundi Kasian, amepiga magoti kando ya benchi na nyundo mkononi.

Kasian alikuwa seremala, mgane, mtu wa makamo anayeelekea uzeeni kwa mwendo wa taratibu. Alikuja mara ya kwanza mvua za vuli zilipoanza, kukaza mguu wa benchi uliolegea. Akaukaza. Baadaye ukalegea wa pili, akaja. Ikafuata egemeo. Kisha ule mguu wa kwanza ukalegea tena, ingawa hakuna mama mnene aliyekuwa amejiandikisha. Alipoulizwa kwa nini asifanye kazi asubuhi chumba kikiwa kitupu, alijibu kwamba asubuhi humo hamna mwanga. Chumba kile hakikuwa na umeme saa yoyote, na jua la asubuhi ndilo pekee lililokuwa likiingia.

Mtaa mzima ulijua kwamba fundi anamtaka mwalimu. Wasiojua walikuwa wawili tu: padri mpya, kwa sababu alikuwa mgeni, na mwalimu mwenyewe.

Si kwamba Evaline hakuona kitu. Aliona kila kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Alimwona Kasian akileta asali ya Kibondo ndani ya chupa ya maji, akisema, "Ya nyumbani, Mama Yusta. Binti naye aonje." Alimsikia akiuliza kama Yusta ni mtu wa kununa. Alimsikia akiuliza kama Yusta angekubali kukaa nyumba moja na watu asiowazoea. Tena asali ile ilitolewa Kibondo na Fidele, mpwa wake Kasian, fundi pikipiki wa Kibondo, kijana mwenye shingo ya dume la ng'ombe. Na huyo Fidele, kabla hajaondoka, alisimama kwenye duka la dawa anakofanya kazi Yusta, akakaa pale muda mrefu kuliko mtu anayenunua panadol.

Evaline akakaa ndani ya sentensi hiyo kama alivyofundisha. Akatazama majirani. Asali, Yusta. Maswali, Yusta. Shingo ile dirishani, Yusta. Pengo likajijaza lenyewe: mjomba anamtafutia mpwa wake mke.

Usiku huo rozari yake ilikuwa ndefu. Yusta ndiye aliyebaki. Akitoka Yusta, nyumba ile itabaki na nani? Na atoke aende wapi, kwa kijana wa pikipiki? Evaline hakumwambia bintiye neno, kwa kuwa mambo hayo mama hayaanzishi. Alimwambia Mungu tu, na Mungu, ambaye bila shaka alikuwa anajua sentensi nzima, hakumsahihisha.

Baada ya sikukuu za Krismasi kaka yake alipiga simu kutoka Muyama.

"Wageni wako watakuja Jumapili," alisema. "Walipita kwangu kwanza, wana adabu. Mimi sina kinyongo. Neno ni lako."

"Kaka, si mapema?"

"Mapema!" Kaka akacheka hadi akakohoa. "Huku Muyama tunaona umechelewa."

Evaline akaona wanamsema Yusta kwa umri wake, akaumia kidogo, akaenda kufagia uwanja.

Jumapili wakaja. Mbele alikuwa Mzee Ndayiragije, mshenga aliyekwisha kuozesha nusu ya vijana wa kata, na kofia yake ya sherehe. Nyuma yake alikuwa Fidele, aliyemleta kwa pikipiki. Kasian hakuwapo, maana mwenye shida hatumwi kwenye shida yake. Yusta alikuwa ameondoka asubuhi na mapema kwenda kwa shangazi yake bila kuambiwa na mtu, jambo ambalo Evaline alilihesabu kuwa ushahidi mwingine.

Sasa, kwa watu wa rika la Mzee Ndayiragije, mshenga siku ya kwanza hamtaji mtu. Akitaja jina ni kama amekuja kuchagua mbuzi mnadani. Na mwenyeji haulizi. Akiuliza "mnamtaka nani?" ameonyesha kwamba nyumbani kwake kuna mtu wa thamani na yeye hajamwona. Basi mazungumzo yote huzunguka kando ya jina, kama watu wanaozunguka nyoka njiani, na kila mmoja anasifiwa kwa kutomkanyaga.

"Mama Yusta," alianza Mzee, baada ya mvua, maharage na afya za watu wote, "sisi tumekuja kwa lile jambo."

"Nimelitambua, Mzee."

"Mwenzetu ameona ua katika boma hili."

"Ua lipo. Lina miiba kidogo."

Mzee akatabasamu. Alipenda mwanamke anayejua kusema. "Miiba ameiona. Anasema ataishi nayo."

Evaline akamgeukia Fidele, aliyekuwa amekaa ncha ya kiti akitazama viatu vyake. Kijana mnyamavu mbele ya mama. Angalau ana malezi.

"Na huyu kijana, Mzee, kazi yake ni nzuri?"

"Nzuri sana," alisema Mzee, akishangaa kidogo. "Pikipiki ikimshinda huyu, hiyo ni ya kuzika."

"Ana subira?"

"Fidele, una subira?"

"Ninayo, mama," Fidele akajibu, akitoa macho kama mtu aliyeitwa ubaoni ghafla.

"Basi nitasema," Evaline akakaza kitenge chake. "Mimi sikatai. Ila ua halichumwi kwa mkono mmoja. Mwenzenu kwanza alete cheti chake cha ubatizo, nikione kwa macho yangu. Aende semina ya wachumba pale parokiani, akae mpaka mwisho, asije akasaini na kutoroka. Alime. Nataka kuona shamba la maharage alilolima yeye, siyo la kulipia vibarua. Na mguu wake usikanyage hapa kwangu mpaka maharage ya masika yavunwe. Mtu wangu hajazoea mambo hayo. Nataka apate muda wa kufikiri."

Mzee Ndayiragije alikuwa akitikisa kichwa kwa kila sharti, na kila sharti lilimpa mshangao zaidi kuliko lililotangulia. Alikuwa ameposa wajane wengi. Huwa wanauliza habari za paa na za watoto wa ndoa ya kwanza. Hajawahi kuona mmoja aliyejilinda namna hii. Hata lile neno "mtu wangu" alilipokea kwa heshima. Akaona ni unyenyekevu wa mama wa kanisa, anayejizungumzia kwa mbali.

"Kuna lingine, Mama?"

"Lipo. Habari za pikipiki. Akiendesha, aendeshe taratibu. Sitaki kusikia amembeba mtu wangu kwa fujo kwenye kona za Kibondo."

Kasian alikuwa na baiskeli, tena aliisukuma kuliko kuipanda.

"Hilo nalo," alisema Mzee polepole, "nitamfikishia."

Wakanywa soda, wakaomba, wakaondoka. Evaline alikaa barazani akijiona amefanya kazi ya baba na ya mama kwa pamoja. Mwenyezi Mungu amsamehe, alijipongeza.

Masharti yakafika kwa Kasian kama yalivyo, kwa kuwa Mzee Ndayiragije hakuwa mtu wa kupunguza neno la mwenyewe. Na Kasian, ambaye maisha yake yote alipewa vipimo na wateja na kuvifuata bila kuuliza mbao hii ni ya nini, akaanza kazi.

Cheti kilikuja ndani ya wiki hiyo, kimefungwa kwenye nailoni, kimekuwa cha manjano kama jino. Evaline alipokifungua aliona jina la Kasian. Akatafakari. Akaona mzee wa watu amejiletea cha kwake kuonyesha ukoo umesimama katika imani, cha kijana kitafuata. "Watu wenye utaratibu," alimwambia Yusta, akakirudisha kwa heshima. Yusta alimtazama mama yake, akafungua mdomo, akaufunga.

Kisha semina. Akina mama wa parokia ndio huwapikia wachumba chai, na Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Evaline. Alipoingia ukumbini na birika alimkuta Kasian katikati ya vijana, wameketi wawili wawili wameshikana vidole, yeye na kiti kitupu kando yake. Mwezeshaji alikuwa akiuliza, "Haya wachumba, mnatarajia kulea watoto wangapi?"

"Tutapokea tutakachojaliwa," Kasian alisema, na ukumbi ukacheka mpaka mwezeshaji akaweka chini karatasi zake.

Muda mfupi baadaye, Evaline akiwa jikoni, kikasikika kicheko kingine kikubwa zaidi, na aliporudi aliwakuta vijana wote wamegeuza shingo wanamtazama yeye. Akajikagua kitenge kama kimefunguka. Hakikufunguka. Akajaza pengo kama kawaida: Fidele amebanwa na kazi Kibondo, mjomba amekuja kumshikia nafasi. Moyo ukamlainika. Wajomba wa siku hizi huchanga tu na kuondoka. Akammiminia Kasian chai ya kwanza, yenye sukari ya watu wawili.

"Karibu, mkwe," akamwambia.

Kasian aliduwaa na kikombe. Mkwe? Alilichukua neno hilo hadi nyumbani, akalala nalo. Asubuhi aliamua kwamba mwanamke mwenye haya akikaribia kuitwa mke, huanza kwa kuzunguka mbali. Akaridhika. Nao wakaendelea hivyo, kila mmoja akimwelewa mwenzake vizuri kabisa.

Akakodi kipande cha shamba ng'ambo ya kijito, mahali Evaline anapoweza kukiona akienda kisimani. Akalima mwenyewe. Mikono ya randa siyo mikono ya jembe, kwa hiyo alivuta kamba ya useremala toka ncha hadi ncha na kupanda maharage kwa mstari, yakaota yamenyooka kama misumari kwenye ubao. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kutazama. Evaline naye alisimama, akasema ukoo huu hata mjomba analima.

Lakini sharti la kutokanyaga lilimletea Evaline kitu ambacho hakukiomba. Yeye alisema "kwangu," akimaanisha nyumbani. Kasian aliliongeza kipimo, ili asije akakosea, akaacha kuja hata darasani. Benchi likaanza kulegea lenyewe, safari hii kwa haki. Akina mama wakikaa lilia, wakisimama lilia. Evaline akaanza kukosa uvumilivu. Jioni aligeuka nyuma mara kwa mara katikati ya sentensi. Aliwaambia wanafunzi ni kelele za benchi zinamsumbua. Josepha akauliza kama benchi lilikuwa halipigi kelele lilipokuwa likigongwa nyundo. Evaline akamwambia asome.

Nyumbani aliikuta ile chupa ya asali imebaki tone. Akaiacha bila kuiosha. Kuna neno la hali hiyo, na mtoto wa darasa la tatu angelichagua. Yeye alichagua uchovu.

Pasaka ikapita. Jumatatu moja ya mvua, Josepha alifika darasani mapema na kukuta ubao mtupu. Miezi michache nyuma mama huyu alikuwa akishika chaki kama anashika mkia wa dagaa. Siku hiyo alisimama akaandika mstari mzima bila kusaidiwa, herufi kubwa, zikipanda kilima. Evaline alipoingia, darasa lilikuwa kimya kuliko kanisa wakati wa mageuzo. Akasoma:

*Fundi alilegeza benchi ili aje kulitengeneza mbele ya ______.*

Pembeni: padri, mbao, mwalimu.

"Nani ameandika?" Evaline aliuliza.

"Mimi," alisema Josepha. "Nimekosea herufi?"

"Hapana. Ni nzuri, Josepha. Ni nzuri mno." Na ilikuwa kweli; alijisikia fahari kabla hajasikia kitu kingine. Kisha akaanza, kwa mazoea, kuipima. "Tutazame majirani. 'Alilegeza.' Kwa hiyo alifanya makusudi. 'Aje.' Kwa hiyo alitaka kufika mahali. Padri... padri hakai humu. Mbao..." Mvua ilipiga bati. "Mbao zipo kwake kila siku," alimalizia kwa sauti ndogo.

"Endelea, Mwalimu," alisema mama mmoja wa mbele, kwa upole.

Evaline akaketi juu ya benchi. Benchi likalia.

"Fidele je?" akauliza.

"Fidele!" Josepha akapiga mapaja. "Fidele ana mke Kibondo, na mtoto wao wa pili anatambaa! Alisimama kwa Yusta kununua dawa ya mtoto ya kifua. Mwalimu, na kwenye semina vijana walimuuliza mzee wa watu, mwenzako yuko wapi? Akasema, anapika chai."

"Nani mwingine anajua?"

"Uliza nani hajui. Padri naye tulimwambia wiki ya Matawi."

Akina mama walicheka, lakini kwa namna ya watu wanaomshika mtu mkono asianguke. Evaline alitaka kuwakemea, akakosa pa kuanzia. Uso ulimwaka. Na chini ya aibu hiyo, mahali ambapo kwa miezi alikuwa akiweka uchovu, kulikuwa na kitu kinachoruka kama mwana-mbuzi. Alichukua dasta afute ubao, akasimama nayo, akairudisha. Darasa likaisha bila yeye kufuta.

Nyumbani Yusta alikuwa akipepeta mchele.

"Ulijua?"

"Mama, alikuja kuniuliza mimi kwanza, kabla ya Krismasi. Kama nitanuna. Nikasema sitanuna." Yusta akaweka ungo chini. "Halafu nikasikia masharti. Semina! Shamba! Nikasema mama anamjaribu mzee wa watu kama dhahabu. Nikaogopa hata kukuuliza."

"Nilikuwa nakulinda wewe."

"Na nani?"

Evaline aliingia ndani akasali. Akamwambia Mungu asante na samahani kwa pumzi moja, na kwa muda mrefu hakuwa na uhakika ni ipi ilitangulia.

Ila sasa alikuwa amekwama, tena kwa neno lake mwenyewe. Mshenga akishapewa masharti, mwanamke hamkimbilii njiani kuyapunguza. Wataambiana sokoni kwamba kaishiwa subira. Maharage ya masika yavunwe, alisema. Na mwaka huo mvua zilikaa. Maharage yalinawiri, yakatambaa, yakatoa maua kwa raha zao, hayana habari kwamba kuna mtu anayasubiri. Mwalimu aliyewaambia wenzake wasilikimbilie neno akawa anaamkia shambani kwake nyuma ya nyumba kabla ya Misa, akibonyeza maganda kwa vidole.

"Hayajakauka, mama," Yusta alimwita toka mlangoni.

"Natazama wadudu."

Mwezi wa tano ulipoingia tu, alijaza kikapu maharage mabichi, yaliyomenywa, akampelekea Mzee Ndayiragije. Hakusema kitu. Aliweka kikapu katikati ya sebule, akakaa, akakitazama, akamtazama Mzee. Kama yupo mtu anayejua kuzunguka jina, ni huyu. Maharage yamevunwa, Mzee, malizia.

Mzee alikitazama kikapu kwa furaha ya kweli. "Mama Yusta, wewe ni mtu. Haya tutayapika na ndizi!"

Kesho yake kikapu kilirudi, hakikurudi kitupu: kilikuwa na chupa ya mawese na salamu nyingi.

Evaline alikaa na ile chupa jikoni. Ndipo alipoona kwamba amebakiwa na njia moja ambayo hakuwahi kuifundisha, ya kusema sentensi nzima bila pengo. Akaoga, akavaa kitenge cha Pasaka, akateremka kwenda kwenye karakana ya Kasian mchana kweupe, akiwapita wauza mbao wote waliokuwa na macho.

Kasian alikuwa akipiga randa. Alipomwona aliacha, akachechemea hadi mlangoni, kisha akasimama ndani ya kizingiti, asije akavunja sharti kwa bahati mbaya. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa.

"Mwakeye, Mama Yusta," alimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Mwakeye, fundi. Umefanya nini goti?"

"Pikipiki." Akatazama chini. "Fidele ananifundisha pale uwanjani. Ulisema niendeshe taratibu. Taratibu ndiko ninakoangukia. Nikienda mbio naona inasimama wima yenyewe."

Evaline aliziba mdomo kwa pindo la kitenge. Alitaka kulia, kikatoka kicheko, na wauza mbao ng'ambo wakageuka wote.

"Fundi," alisema alipopata pumzi, "maharage yamevunwa."

Kasian alitazama kule ng'ambo ya kijito, ambako mistari yake ilikuwa bado mibichi kabisa, iliyonyooka, inayong'aa kwa maji. Alikuwa mtu wa vipimo.

"Hayajakauka."

"Nimeyavuna mimi, ya kwangu. Nimeyamenya, na mshenga wako ameyala na ndizi." Akavuta pumzi. "Mimi sikukuelewa, Kasian. Nilidhani unamtaka Yusta kwa ajili ya Fidele. Masharti yale yote nilimpa mtu mwingine. Ua nililosema ni yeye, mimi sikujihesabu."

Kasian alionekana akirudi nyuma polepole: cheti, kiti kitupu semina, mkwe, jembe, goti. Akaketi juu ya ubao.

"Kwa hiyo yote hayo..."

"Yote."

"Hata semina?"

"Semina ilikuwa ya lazima. Padri angekutaka tu."

Akafikiri tena. Kisha akainuka, akaushika mlango wa karakana, akatoka nje ya kizingiti, akasimama mbele yake juani na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Na sasa unajihesabu?"

Evaline alitazama kulia na kushoto. Josepha alikuwa amesimama kwa mbali na beseni lake la dagaa, ameacha hata kuita wateja.

"Mwambie Mzee Ndayiragije aje Jumapili," alisema. "Nitakuwepo mwenyewe. Na hilo la pikipiki, tafadhali, lifute."